Suburban na mafuta ya mahindi: shajara ya kupima E85 huku Minnesota

Jumapili, 1 Septemba 2024

Naifungua shajara hii kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili huku Minnesota, Iowa na majimbo ya jirani, zile zenye Suburban, Tahoe, Yukon na magari mengine ya ukoo huo. Tunayanunua yakiwa yameshatumika kwa sababu inayoeleweka: watoto watano, mama mkwe na magunia ya mchele havienei kwenye gari dogo. Wengi wetu gari lina kifuniko cha njano kwenye mdomo wa tangi na hatujawahi kuuliza maana yake. Maana yake ni kwamba injini imeruhusiwa kunywa petroli ya kawaida, au E85, au mchanganyiko wowote wa hizo mbili.

Petroli ya kawaida huku ni E10: asilimia 10 ni ethanoli inayotengenezwa kwa mahindi, na Minnesota ilianza kuilazimisha jimbo zima mwaka 1997. E85 ni ethanoli zaidi ya nusu. Kwenye bango la sheli huwa na bei ya chini kuliko E10, na kila wiki mtu ananiuliza baada ya ibada: "Kaka, ile ya bei nafuu inafaa au inaua injini?" Sikuwa na jibu. Nataka jibu lenye namba, kutoka kwenye gari langu mwenyewe.

Gari: Chevrolet Suburban ya 2012, V8 ya lita 5.3, inayovuta magurudumu yote manne, maili 143,000 kwenye dashibodi. Tangi linabeba galoni 31.5, karibu lita 119. Vipimo vya serikali ya Marekani kwa gari hili ni maili 17 kwa galoni kwa wastani ukitumia petroli, na 13 ukitumia E85.

Jumapili, 29 Septemba 2024: kipimo cha msingi, E10

Utaratibu ni huu: sheli ile ile, pampu ile ile, najaza mpaka pampu ijikate mara ya kwanza na siongezi hata tone. Naandika maili na galoni za kwenye risiti. Sitegemei wastani unaoonyeshwa na dashibodi, kwa sababu wangu ulikuwa unanipendelea kwa karibu maili moja kwa kila galoni.

Matangi matatu yametoa maili 402 kwa galoni 25.9, maili 418 kwa galoni 25.6, na safari ya kwa dada Des Moines, kule Iowa, maili 510 kwa galoni 27.4. Jumla ni maili 1,330 kwa galoni 78.9, yaani 16.9 kwa galoni. Kwa mliozoea hesabu za nyumbani, ni kama kilomita 7.2 kwa lita. Nimelipa dola 3.19 kwa galoni, kwa hiyo kila maili imenigharimu senti 18.9. Hiyo senti kwa maili ndiyo namba nitakayoifuata mwaka mzima. Bei ya galoni peke yake haisemi kitu, kwa sababu galoni hizi mbili hazilingani nguvu.

Jumatano, 9 Oktoba 2024: kosa la kwanza, na dola 140 zimepotea

Jumamosi jioni nilikuwa na galoni kama 8 za E10 tangini. Nikamwaga galoni 22 za E85, nikarudi nyumbani. Kutoka sheli hadi kwangu hakufiki maili moja. Nikazima gari, nikalala.

Asubuhi napiga stata, inazunguka kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ikawaka, lakini inamisi, inatetemeka, taa ya injini inawaka. Mke wangu akawapeleka watoto kanisani kwa gari la jirani. Jumatatu nikaenda gereji moja ya karibu. Wakanitoza dola 140 za uchunguzi, wakaniambia pampu ya mafuta inakufa na kuibadilisha ni zaidi ya dola 900, kwa kuwa lazima tangi lishushwe.

Sikukubali. Nikampigia fundi mmoja Mkongo anayetengeneza magari ya watu wengi wa kanisani. Hakuuliza habari za pampu. Aliniuliza: "Kaka, ulipotoka kujaza ulienda wapi?" Nikamwambia nyumbani. Akasema: "Basi gari halijajua limekunywa nini. Nenda kasome kitabu chake."

Nimekisoma. Kimeandika wazi: ukibadilisha mafuta usijaze chini ya galoni 3, na ukishajaza uendeshe hapo hapo angalau maili 7.

Sababu yake ndiyo sehemu muhimu kuliko zote katika shajara hii. Suburban ya umri huu haina kifaa ndani ya bomba la mafuta kinachopima ethanoli. Kompyuta inakisia. Ikiona geji ya mafuta imepanda, inajua umejaza. Halafu injini ikishapata moto, inasikiliza sensa za oksijeni kwenye eksozi, na kutokana na hewa iliyobaki kwenye moshi inakadiria ethanoli ni kiasi gani. Petroli tupu inahitaji kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta. Ethanoli inahitaji 9 tu. Kwa hiyo hewa ikiwa ile ile, ethanoli lazima imwagwe nyingi zaidi. Mimi niliweka tangini mchanganyiko wa karibu asilimia 58, nikazima injini kabla kompyuta haijapata nafasi ya kujifunza. Asubuhi ikamwaga kipimo cha E10. Mafuta machache, hewa nyingi, pande zote mbili za injini: namba za hitilafu zilikuwa P0171 na P0174, zote mbili zikisema jambo hilo hilo.

Nimenunua kisomeo cha kuchomeka chini ya usukani kwa dola 28, kinachotuma taarifa kwenye simu. Kilionyesha kompyuta inaongeza mafuta kwa asilimia 25 zaidi ya kawaida, na bado inaamini ethanoli ni asilimia 10. Nikaingia barabara ya 694 na kuzunguka maili 25 bila kusimama. Nikiwa njiani namba ya ethanoli ikaanza kupanda, ikaja kutulia kwenye 57. Kumisi kukaisha. Nikafuta zile namba za hitilafu na hazijarudi. Pampu ni nzima.

Tangu leo najaza asubuhi ninapoelekea kazini, maili 14. Sijazi tena nikiwa narudi nyumbani.

Jumapili, 20 Oktoba 2024: "85" si 85

Tangi lile la kwanza lilinipa maili 14.1 kwa galoni, nikafurahi mno. Furaha hiyo haikuwa na msingi, kwa sababu robo nzima ya tangi ilikuwa E10. Natupa kipimo hicho. Ukitaka kupima E85, shusha tangi mpaka karibu na taa ya akiba, jaza, tumia, shusha tena, ndipo uanze kuhesabu.

Jambo jingine nililolijua wiki hii: kwa kanuni za Marekani, mafuta yanayouzwa kwa jina la E85 yanaweza kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 hadi 83, kufuatana na majira na mahali. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha lazima ujue umenunua nini. Nimenunua mrija wa kioo wenye alama, dola 22. Unaweka mililita 50 za maji, unaongeza mililita 50 za mafuta, unaziba, unatikisa, unaacha itulie. Ethanoli inaiacha petroli na kuingia kwenye maji, petroli inaelea juu, na mstari kati yake unaonekana vizuri. Mstari wangu ulisimama kwenye 87. Toa 50 za maji, zinabaki 37 kati ya 50, yaani asilimia 74. Kuna kosa dogo la kipimo, lakini kwa kazi hii linavumilika. Fanyia nje, mbali na moto na watoto, na masalia usiyamwage kwenye mfereji: kaunti ina kituo cha kupokea taka hatari.

Jumapili, 17 Novemba 2024: matokeo ya kwanza ya kweli

Matangi matatu ya E85 ya asilimia 74: maili 318 kwa galoni 26.1, 331 kwa 25.8, na 356 kwa 25.2, hilo la tatu likiwa la barabara ya Des Moines. Jumla maili 1,005 kwa galoni 77.1. Ni 13.0 kwa galoni. Nimepoteza karibu asilimia 23 ikilinganishwa na E10.

Hasara hiyo haina uhusiano na ubovu wa gari. Galoni ya ethanoli ina nishati takriban theluthi mbili ya ile iliyo kwenye galoni ya petroli, na hakuna ufundi wa kulizunguka hilo. Injini iliyotengenezwa kwa ethanoli pekee ingeweza kurudisha sehemu ya hasara, kwa kuwa ethanoli inavumilia mgandamizo mkubwa ndani ya silinda bila kugonga, yaani bila kulipuka kabla ya wakati. Lakini injini yangu lazima ikubali pia petroli ya kawaida, kwa hiyo mgandamizo wake umewekwa kwa ajili ya petroli. Kitu kimoja nimekisikia kwa mguu: kwenye mwinuko, gari likiwa limejaa watu, linavuta vizuri kidogo kuliko likiwa na E10.

Sasa pesa. E85 ilikuwa dola 2.59, E10 kwenye bango hilo hilo dola 3.09. Senti 50 nzima za tofauti! Lakini 2.59 ukigawa kwa 13.0 ni senti 19.9 kwa maili, na 3.09 ukigawa kwa 16.9 ni senti 18.3. Nimelipa kama dola 16 zaidi kwa maili hizo elfu moja, huku kila nikiangalia bango nikiamini naokoa. Ili zilingane, E85 ilipaswa kuwa dola 2.38.

Na kuna kosa la pili ambalo ni la kwangu: nimelinganisha Septemba yenye joto na Novemba yenye baridi. Baridi peke yake inakula mafuta. Kuanzia sasa nitapishanisha, matangi mawili ya E85, mawili ya E10, ndani ya majira hayo hayo.

Jumapili, 15 Desemba 2024: ulaji mbaya, na boliti iliyokatika

Tangi la wiki mbili zilizopita limenipa 10.6 kwa galoni. Nilidhani ni baridi. Lakini kisomeo kilikuwa kinaonyesha ethanoli asilimia 81, wakati mrija unasema 58. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kutoka kwenye mrija.

Nilimpelekea fundi wetu. Aliniomba niliache gari kwake usiku kucha ili aliwashe likiwa baridi kabisa. Asubuhi akaniita: "Sikia." Tiki-tiki-tiki upande wa abiria, nyuma, inapotea baada ya dakika chache injini ikipata moto. Boliti ya mwisho inayoshika eksozi kwenye kichwa cha injini ilikuwa imekatika. Chumvi wanayomwaga barabarani kila majira ya baridi inakula vyuma bila huruma.

Mwenye gari la petroli tupu angesumbuliwa na kelele tu, na kidogo kwenye ulaji. Kwa gari la kukisia ethanoli madhara yanakwenda mbali zaidi. Ufa ule unavuta hewa ya nje kabla ya sensa ya oksijeni. Sensa inaona hewa nyingi, kompyuta inasema "ahaa, ethanoli ni nyingi", inaandika 81, na kuanzia hapo inamwaga mafuta kwa kipimo cha 81. Ukiona namba ya kisomeo na ya mrija zinapishana kwa zaidi ya 10, tafuta uvujaji wa eksozi kabla hujanunua sensa mpya.

Kutoa kipande cha boliti na kufunga gasketi mpya: dola 260. Baada ya kujaza na kuendesha, kisomeo 55, mrija 57.

Jumanne, 21 Januari 2025: asubuhi ya baridi kali

Usiku umeshuka chini ya nyuzi 25 chini ya sifuri. E85 tangini. Nimepiga stata mara tatu, kila mara sekunde kama kumi, bila mafanikio. Ethanoli haitoi mvuke kirahisi kwenye baridi, na injini ya plagi inawasha mvuke. Mafuta ya majimaji haiwezi kuyawasha. Ndiyo maana E85 ya majira ya baridi hutengenezwa ikiwa na petroli nyingi zaidi. Hata hivyo haikutosha leo.

Kosa ni kwamba sikuchomeka hita ya injini, kwa sababu waya wake ulikuwa umeliwa na panya tangu mwaka jana na mimi nikaahirisha. Nimeazima waya kwa jirani, nikachomeka kwa muda wa saa tatu, gari likawaka mara moja kama la Julai. Waya mpya dola 41, na saa ya kuwasha yenyewe saa kumi alfajiri, dola 18. Kama unafanya kazi ya zamu hospitalini au kwenye nyumba za wazee na gari halina hita inayofanya kazi, basi Januari na Februari weka E10. Usibahatishe kibarua chako.

Jumapili, 2 Machi 2025: hesabu ya majira ya baridi

Nimepishanisha matangi manne. E10: 14.2 kwa galoni. E85, ambayo mrija unasema ni 57: 11.9. Hasara ni asilimia 16 tu, kwa kuwa "E85" hiyo karibu nusu yake ni petroli. Bei zilikuwa 2.99 na 2.49. Senti 21.1 kwa maili dhidi ya 20.9, yaani sawa.

Hapa ndipo nilipoona kwamba namba moja ya mwaka mzima haitoshi. Majira ya joto zidisha bei ya E10 kwa 0.77. Majira ya baridi zidisha kwa 0.84. E85 ikiwa chini ya jibu, jaza. Ikiwa juu, acha.

Kando kidogo, maana wengi wameniuliza kwa nini kifuniko cha njano kiko zaidi kwenye magari makubwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 kuhusu mafuta mbadala iliwapa watengenezaji afueni kwenye hesabu ya wastani wa ulaji wa mafuta ambao kila kampuni ilitakiwa kuufikia kwa magari yake yote. Gari la aina hii lilihesabiwa kana kwamba nusu ya safari zake ni za mafuta mbadala, na maili zake kwa galoni ya E85 ziligawanywa kwa 0.15. Chukua gari la 17 kwa petroli na 13 kwa E85: 13 ukigawa kwa 0.15 ni karibu 87, na wastani wa 17 na 87 kwa kanuni yao (si ule wa kujumlisha na kugawa kwa mbili) unafika 28. Barabarani gari ni la 17, kwenye daftari ni la 28, hata kama mwenye nalo hajawahi kulitia tone la E85. Kulikuwa na kikomo cha faida hiyo kwa kila kampuni, na ilipunguzwa hatua kwa hatua kuanzia magari ya 2015 mpaka ikaisha baada ya yale ya 2019. Ni haki mnunuzi wa gari lililotumika aelewe kwamba kifuniko kile hakikuwekwa ili kumpunguzia yeye gharama.

Jumapili, 11 Mei 2025: mwendo

Nimeshusha boksi la juu ya paa, nimejaza upepo wa matairi kufuata kibandiko cha mlangoni (mawili yalikuwa chini kwa pauni 6), na nimekwenda Des Moines na kurudi kwa maili 65 kwa saa badala ya 75. E85 barabarani imetoka 14.1 hadi 15.6 kwa galoni. Alama ya V4, inayoonyesha injini imepumzisha silinda nne, ilikaa muda mrefu kwenye nyanda tambarare za kusini, wakati kwa 75 ilikuwa inakuja na kupotea. Mambo matatu kwa pamoja, kwa hiyo siwezi kusema lipi limechangia kiasi gani. Safari iliongezeka kama dakika 30 kwenda, 30 kurudi.

Jumapili, 22 Juni 2025

Matangi manne ya kupishanisha, mrija 75. E10: 17.4. E85: 13.5. Uwiano 0.776, karibu sawa na ule wa Novemba.

Kwenye mji mdogo kando ya barabara ya 35, karibu na mashamba ya mahindi, nimekuta E85 kwa dola 2.19 na E10 kwa 3.04. Zidisha 3.04 kwa 0.77, unapata 2.34. E85 iko chini, nimejaza. Senti 16.2 kwa maili dhidi ya 17.5. Kwa maili 15,000 za mwaka, kama ningepata tofauti hiyo kila siku, ningebakiwa na dola 187 hivi. Sheli ya karibu na kwangu haijawahi kunipa tofauti hiyo hata siku moja, na kuifuata ile ya maili 60 kwa ajili ya mafuta tu ni hasara. Nikiwa safarini nasimama pale. Mjini naangalia bango na kuzidisha.

Gharama zote za mradi, mbali na mafuta: dola 509, na 140 kati ya hizo ni za uchunguzi ambao haukunisaidia. Boliti ya eksozi ningeitengeneza hata hivyo.

Shemeji ameniomba nimjazie E85 kwenye gari lake lisilo na kifuniko cha njano, "kidogo tu, tujaribu". Nimekataa, na nimemwonyesha ukurasa wa Oktoba. Kompyuta yake haina hata hesabu ya kukisia.

Mke wangu ameandika 0.77 na 0.84 kwenye karatasi na kuibandika juu ya redio, kwa sababu yeye ndiye anayejaza siku za wiki. Tangi la sasa ni E10. Ijumaa tunakwenda Des Moines.